Kona ya Dada: Kabla Hujanunua Bastola Ndogo

Mdogo wangu wa Dallas, barua yako nimeisoma nikairudia. Wewe ni nesi, zamu yako inaanza saa 1 usiku na kuisha saa 1 asubuhi, maegesho ya hospitali hayana taa za maana, na majuzi mwenzako kaporwa mkoba hapo hapo akielekea kwenye gari. Ukaingia duka la silaha. Muuzaji hakukuuliza hata unaitwa nani, akakutolea Ruger LCP kutoka kabati la vioo, akasema hii ndiyo wanayochukua akina dada. Ikakaa kiganjani vizuri, hata hukuamini ni bastola. Sasa unaniuliza: niichukue?

Usiichukue bado. Nitakueleza kwa nini, na ninyi wengine mlioniandikia kutoka Houston na Columbus vuteni viti, maana maswali yenu ni ndugu wa swali hili. Wasomaji wa Nairobi na Dar mtatuvumilia leo. Kwetu bastola bila leseni ni jela moja kwa moja. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye hana katazo la kisheria anaruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Kwa hiyo haya ninayosema ni ya huku, msiyabebe mkaenda nayo Kariakoo.

Kabla ya chuma, karatasi. Kama uko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, ya matembezi au ya kazi ya muda, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki silaha, achilia mbali kuibeba. Ipo milango michache ya kutokea, mmojawapo ukiwa leseni ya uwindaji, lakini mimi simshauri mhamiaji yeyote apitie huko ili apate kubeba bastola mjini. Raia na mwenye grini kadi hawana tatizo hilo. Dukani utajaza Fomu 4473. Humo utaulizwa kuhusu uhamiaji wako, makosa ya nyuma, ugomvi wa ndani ya nyumba uliofika mahakamani, na bangi, hata kama jimbo lako limeiruhusu. Ukidanganya kwenye fomu hiyo umefanya kosa zito la jinai, na wewe unajua kosa la namna hiyo linavyoweza kumrudisha mtu nyumbani kwa ndege asiyoikatia tiketi.

Umeniambia una grini kadi. Sawa, tuendelee.

Uzuri wa LCP hauna ubishi. Ikiwa tupu ina gramu 270 hivi, mtutu wake ni sentimita 7, inazama mfukoni ukasahau kama unayo. Ruger waliitoa mwaka 2008 na sifa yake kubwa ni hiyo hiyo ya kufichika. Na hoja ya udogo ni hoja ya kweli, siidharau. Watu wananunua bastola kubwa kwa shangwe, wanaivaa siku chache, inawakwaruza kiunoni, mwisho inalala kwenye droo ya kitanda. Ya kwenye droo haikufikii maegeshoni.

Lakini kila kilichopunguzwa ili bastola ifichike, amepunguziwa mpigaji. Chukua teke. Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma, na ikiwa nyepesi inarudi kwa hasira zaidi. Risasi ile ile, ukiipiga kwa bastola yenye nusu ya uzito, nguvu ya teke inakuwa mara mbili. Ni hesabu ya fizikia tu, haijali jina la kampuni. Ndiyo maana LCP ikapewa risasi ndogo ya .380 badala ya ile ya milimita 9, na bado watu wanashangaa kadude kadogo vile kanavyopiga. Halafu mpini: kidole chako cha mwisho hakina pa kushika, kinabaki kikining'inia hewani, kwa hiyo kazi yote ni ya vidole viwili. Alama za kulengea kwenye LCP ya asili ni kama vipele juu ya chuma, na kwa kuwa ya mbele na ya nyuma zimekaribiana sana, mkono ukiyumba kidogo tu risasi inakwenda mbali na ulipokusudia.

Mimi niliipiga kwenye uwanja wa shabaha wa ndani, huku nimevaa vizuia sauti na miwani. Risasi ya kwanza haikuwa mbaya. Kabla magazini haijaisha, ngozi ya kati ya dole gumba na kidole cha shahada ilishaanza kuwaka, na nikajikuta nafumba macho kabla ya kufyatua. Ukifika hapo unaacha kulenga, unasubiri kuumia. Karatasi yangu ilikuwa na matundu kila mahali isipokuwa katikati, na shabaha ilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuzungumza nayo. Nikaazima kutoka njia ya jirani bastola ya wastani, matundu yakakusanyika. Mkono ule ule, jioni ile ile.

Kwa hiyo muuzaji aliyekwambia ni ya akina dada amekugeuzia mambo. Bastola ndogo kabisa inafaa mkono uliozoea, ule ambao tayari unajua kubana, kulenga na kutoogopa mlio. Wewe unayeanza unapewa ngumu kuliko zote kwa sababu ina umbo la kupendeza na huja hata ya rangi ya waridi. Na kuna la bei ambalo hawakukwambia: LCP yenyewe ni rahisi, ila risasi za .380 kwa kawaida ni ghali kuliko za milimita 9. Bastola yenye teke na risasi za ghali, nani atafanya nayo mazoezi?

Kuhusu nguvu ya .380 watu wa silaha wanaweza kubishana mpaka alfajiri. Kifupi ni hivi. Mwaka 1986 mjini Miami maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili, maofisa wawili wakauawa, na baada ya hapo shirika likaanza kupima risasi kwa ukali: ipenye angalau sentimita 30 ndani ya jeli maalumu, hata ikipitia nguo nzito. Risasi ya kujilinda ina tundu kichwani ili itanuke ikigonga. Ya .380 kutoka mtutu mfupi mara nyingi inatanuka isifike, au inafika bila kutanuka. Ya milimita 9 ina nafasi nzuri zaidi ya kufanya yote mawili. Hata hivyo inapotua ndipo penye habari, na ndiyo maana narudi kwenye mpini na teke kila mara.

Wazee watakushauri rivolva. Smith & Wesson 642, kwa mfano: gramu 400 na kidogo, risasi tano, haina kukoki, haina magazini, haina cha kukwama kwenye nguo. Unafyatua, basi. Naielewa hamu hiyo. Ila kifyatulio chake kinataka nguvu ya kilo 5 na zaidi, kuvutwa kwa kidole kimoja, kwenye kitu ambacho chenyewe hakifiki nusu kilo, na mtutu usiyumbe. Wewe unawageuza wagonjwa vitandani usiku kucha, nguvu za mikono unazo; kidole kimoja ni habari nyingine. Na zikiisha hizo tano, kujaza upya gizani huku unatetemeka si mchezo.

Ningekuwa mimi ndiye wewe, ningetazama katikati. Mwaka 2018 zilitoka mbili zilizobadili mazungumzo haya. SIG Sauer walitoa P365: ya milimita 9, risasi 10 kwenye magazini, unene kama sentimita 2 na nusu, na uzito wa nusu kilo, sawa na pakiti ndogo ya sukari. Kabla yake, bastola ya ukubwa huo ilikuwa inakupa sita au saba. Mwaka huo huo Smith & Wesson wakatoa Shield EZ ya .380, ambayo ni kubwa kidogo kuliko inavyohitaji kuwa, na hapo ndipo ujanja wake ulipo: risasi ya teke dogo ndani ya bastola yenye mwili, na kukoki kwake ni laini sana. Kama una mkono mdogo, au una mama anayeumwa vidole, EZ ndiyo ya kujaribu kwanza. Jaribu kukoki LCP na kukoki EZ huku mikono bado ina ile dawa ya kuua vijidudu mnayojipaka wodini. Utanielewa bila maelezo.

Juu ya hizo kuna Glock 19, gramu 600 tupu, risasi 15, bastola ambayo karibu kila mwalimu atakupa ujifunzie. Kuipiga ni raha. Kuificha ni kazi, na si kwa sababu ya mtutu kama watu wanavyodhani. Mtutu unashuka kwenye suruali na kupotea. Kinachochomoza chini ya blauzi ni mpini. Kwa hiyo ukilinganisha mbili dukani, tazama urefu wa mpini na unene, urefu wa mtutu usikutishe. Mtutu mrefu kidogo hata unasaidia kulenga.

Sasa nguo, na hapa ndipo mabwana wanaoandika kuhusu bastola huwa hawatufikirii. Wanasema nunua mkanda mgumu. Mkanda wa nini? Suruali yako ya kazi ina lastiki na kamba. Tundika nusu kilo hapo uone kama haitashuka magotini ukiwa unakimbilia kengele ya mgonjwa. Dera ndiyo kabisa: linaficha hata mtungi wa gesi, lakini utaifikiaje bastola bila kujifunua mpaka kiunoni? Abaya vilevile. Kuna mikanda mipana ya kufunga tumboni yenye mfuko wa bastola, inafanya kazi chini ya nguo zisizo na mkanda, inabana na ina joto, na lazima uwe na ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Hilo la kifyatulio sibembelezi. Bastola inayoelea mfukoni pamoja na funguo na mafuta ya midomo ni ajali iliyopangiwa siku. Ukibeba mfukoni, iwe ndani ya ala yake, na mfuko huo usiingie kitu kingine, hata risiti.

Mkoba? Hapana. Najua ndilo jibu la kwanza linalokuja kichwani, na kuna mikoba inauzwa yenye sehemu maalumu ya bastola na zipu yake. Tarehe 30 Desemba 2014, ndani ya Walmart ya mji wa Hayden, Idaho, mama wa miaka 29 aliuawa na mtoto wake wa miaka 2 aliyefikia bastola ndani ya mkoba wa namna hiyo, ukiwa kwenye toroli ya manunuzi. Na ukumbuke kilichomkuta mwenzako maegeshoni: mkoba ndicho kitu cha kwanza mwizi anachonyakua. Umempa pesa, simu, na bastola juu.

Tumefika kwenye jambo ambalo barua yako haikuligusa, nami ndilo lililonikosesha usingizi. Hospitalini huingii na bastola. Texas hospitali ziko kwenye orodha ya mahali ambapo silaha haziruhusiwi bila idhini, na mwajiri wako bila shaka ana katazo lake lililoandikwa. Sheria ya jimbo, tangu 2011, inamruhusu mfanyakazi kuacha silaha yake halali kwenye gari lake lililofungwa, maegeshoni kwa mwajiri. Fikiria basi mwendo wako. Unafika, unaivua, unaifungia garini, unatembea bila bastola mpaka mlangoni. Saa 12 zinapita, gari liko gizani na bastola imo ndani, na wezi wa huku wanajua fika kwamba magari ndiyo ghala la bastola. Asubuhi unatoka, unatembea tena bila bastola mpaka garini. Kile kipande cha njia unachokiogopa, chote, unakipita huna kitu. Hata ningekuchagulia bastola bora kuliko zote za Texas, isingekufaa kwa hatua hizo.

Kwa hiyo kesho, kabla ya duka, piga simu kwa walinzi wa hospitali uombe kusindikizwa. Hospitali nyingi za huku zinafanya hivyo, ni kazi yao, usione haya. Andikeni barua manesi wote wa zamu ya usiku, mtaje taa kwa idadi na mahali zilipokufa. Tokeni wawili wawili. Pilipili ya kupuliza, lile kopo dogo la kujilinda, ni halali Texas. Uliza tu utaratibu wa kazini kwako, kisha uishike mkononi unapotembea, isikae chini ya pochi. Ukifanya haya na bado unataka bastola kwa safari nyingine na kwa nyumbani, mimi sikuzuii. Nataka tu ujue unainunulia nini.

Na nyumbani kuna watoto, umesema wawili. Texas ni kosa kuacha silaha iliyo tayari kufyatuka bila kuilinda, mtoto aliye chini ya miaka 17 akaifikia. Sefu ndogo ya namba au ya alama ya kidole, iliyofungwa kwenye kitu kisichobebeka, inunue siku ile ile unayonunua bastola. Juu ya kabati si mahali. Mtoto anayepanda friji kutafuta biskuti atapanda kabati.

Nina lingine, nalisema polepole. Marekani mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa 2020 uliwafuatilia watu wazima milioni 26 na kukuta kwamba wanawake wenye bastola walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 35 wa kufa kwa kujipiga risasi kuliko wanawake wasio nayo. Wewe unafanya kazi usiku, unalala mchana vipande vipande, uko mbali na mama yako. Sikufikirii lolote baya. Lakini kama kuna miezi ambayo dunia inakuwa nzito, wewe au mtu mwingine yeyote humo ndani, bastola isiingie nyumbani kipindi hicho, na kama imo tayari, itoke ikakae kwingine. Namba ya msaada ni 988, usiku na mchana.

Barabarani je? Sisi ni weusi na tunaongea kwa lafudhi, tusijidanganye kwamba hayo hayahesabiki. Philando Castile alikuwa na kibali halali Minnesota. Julai 2016 alisimamishwa na askari, akamwambia kwa upole kwamba ana silaha, akapigwa risasi akafa mbele ya mchumba wake na mtoto mdogo aliyekaa kiti cha nyuma. Askari aliachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Sina dawa ya hilo. Ninachofanya ni hiki: mikono juu ya usukani, taa ya ndani nawasha, leseni ya udereva haikai mahali pamoja na bastola, na sinyooshi mkono kokote mpaka nimeambiwa niunyooshe. Texas haikulazimishi kuwa na kibali, lakini mimi ninacho na nakushauri uchukue, kwanza kwa sababu ya darasa, pili kwa sababu kibali hicho kinatambuliwa na majimbo mengine mengi. California, New York na Illinois hayamo. Ukienda harusi ya binamu Chicago, bastola ibaki Texas.

Basi jibu langu. Tafuta uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, na vipo vingi Dallas. Chukua mwalimu wa saa moja, mwanamke ukimpata, mwambie unataka LCP, rivolva ya 642, P365 na Shield EZ, kwa mpangilio huo. Piga magazini moja moja, na rivolva risasi zake tano, karatasi mpya kwa kila bastola, uandike jina pembeni. Usiangalie ipi nzuri mkononi, angalia karatasi. Kisha ile uliyoipenda iazime ikiwa tupu, iweke kwenye ala ukiwa umevaa nguo zako za kila siku, kaa, inama, funga kamba za viatu, mbebe mtoto. Nadhani utatoka na P365 au EZ. Ukitoka na LCP na karatasi yake ni nzuri, nitakuwa wa kwanza kukupongeza, mradi uende kupiga angalau mara moja kwa mwezi. Na kama ukiwaza pesa ya risasi na muda wa kwenda unaona hutaweza, pesa hiyo nunua sefu ya vito vyako na taa kali ya mkononi.

La mwisho kwa wanaorudi nyumbani Desemba: begi mliloendea uwanja wa shabaha msisafiri nalo. Likunguteni, fungueni kila zipu, geuzeni hata vitambaa vya ndani mkitaka. Risasi moja iliyojificha kwenye mshono, Dallas ni usumbufu na faini. Nairobi au Dar ni risasi bila leseni, na mama yako anakusubiri nje ya kizuizi na maua, hajui kwa nini hutoki.